Mheshimiwa Hakimu, Iliki Bei Gani?

Shangazi yangu anajua Kihindi cha kutosha kumfia mwanamume, kumlaani tajiri mwenye kiwanda na kumtambua ndugu aliyepotea utotoni. Cha kununulia iliki hana.

Alikipata hapa hapa Kibokoni, Mombasa, bila mwalimu, kwanza sinemani, baadaye kwa kanda za video zilizozunguka nyumba hadi nyumba mpaka picha zikawa kama zinanyeshewa mvua. Sholay ya 1975 anaijua kwa moyo, pamoja na milio ya bunduki. Amar Akbar Anthony ya 1977, ya ndugu watatu waliotengana utotoni wakalelewa katika dini tatu, bado humtoa machozi akiisimulia. Na ambapo filamu haikufika, taarabu ilifika. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alikuwa bingwa wa kuchukua tuni za filamu za Kihindi akazivisha maneno yetu. Basi Shangazi alikuwa akiusikia wimbo harusini kwa Kiswahili, kisha akiukuta kwenye filamu umerudi kwao. Darasa la nini tena?

Ila Kihindi kina jambo lake. Mtu akijitaja mwenyewe, mara nyingi kitenzi humfichua kama ni mwanamume au mwanamke. Na Shangazi hakujifunza kwa waigizaji wa kike, ambao kwa maoni yake walikuwa wakilia mno wakachelewesha hadithi. Alijifunza kwa Amitabh Bachchan.

Siku moja nilimsindikiza Marikiti kutafuta viungo vya pilau ya arusi. Muuzaji alikuwa mama wa Kibohora, rida yake ya waridi ina lasi pembeni, mbele yake magunia ya bizari na mdalasini, na iliki kaiweka karibu na mkono wake, kama kila mwenye iliki afanyavyo siku hizi. Akataja bei. Shangazi akaona hapa ndipo pa kutoa Kihindi ili bei ianguke. Akaipekua akiba yake yote ya mapenzi, visasi na vifo vya akina mama, na sentensi pekee iliyokaribia mambo ya bei ilikuwa ya mahakamani. Akaitoa kwa sauti nzito, kidole juu: Mheshimiwa hakimu, hukumu hii siikubali!

Yule mama aliuacha mkono ndani ya iliki. "Bi," akasema, kwa Kimvita kilichonyooka kuliko changu, "rufaa yako nimeisikia. Lakini iliki imepanda. Tena kwetu twasema Kigujarati. Na mbona wasema kama mwanamume?"

Hiyo ndiyo taabu ya kujifunzia lugha Mji wa Kale. Lugha zimejaa, wa kufanyia mazoezi hakuna. Ukimwendea Mbulushi na maneno mawili ya Kibulushi, atakujibu kwa Kiswahili na methali juu. Mhadhrami wa dukani ukimsalimia kwa Kiarabu ulichokipanga tangu asubuhi, atakuuliza, "Mkate wataka mmoja au miwili?" Kila mtu alishahamia kwenye Kiswahili zamani, akafunga mlango, na wewe umebaki nje na kitabu chako.

Kwa hiyo Kihindi cha Shangazi kilikaa bila kazi mpaka alipokwenda Dubai kununua vyombo vya bibi arusi. Teksi aliyoipanda Deira iliendeshwa na bwana mmoja wa Peshawar. Kiurdu na Kihindi cha kusema havipishani sana, na Shangazi hakupoteza wakati. Ila bwana yule naye kwao ni Kipashto. Kiurdu amekiokota ukubwani, na habari ya vitenzi vya kike na vya kiume ilikuwa imempiga chenga vile vile. Bibi akasema kama mwanamume, bwana akajibu kama mwanamke, wakaelewana kabisa. Walimjadili Amitabh mpaka hotelini, na nauli ikapunguzwa bila kumhusisha hakimu.

Binamu yangu alikwenda mji huo huo na Kiarabu hasa. Alikuwa hodari wa chuoni, sarufi ya Ajrumiya anaitapika, kila neno analimaliza na irabu yake mwishoni. Alipofika aliingia mkahawani akaagiza chai kwa Kiarabu cha hotuba ya Ijumaa. Mhudumu alikuwa kijana wa Kerala. Mpishi, wa Kerala. Mwenye mkahawa naye wa Kerala. Baada ya miaka alirudi nyumbani na Kimalayalam kitamu sana, na mpaka leo akitaka kukisema hana budi anunue bando.

Mimi nimefikia mahali pa kuamini kwamba lugha haiji peke yake: huja na pale ulipoiokotea, pamoja na harufu yake. Mwingereza W. E. Taylor, mmishonari wa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alikipata Kiswahili chake kwa watu kama Mwalimu Sikujua, waliomkusanyia mashairi ya Muyaka bin Haji, na mwaka 1891 akatoa kitabu kizima cha methali za Waswahili. Wataalamu humsifu, na wana haki. Mimi huwaza tu habari ya muuza mahamri wa zama zile. Mzungu yuaja asubuhi na mapema, ana njaa, na kinywani mwake mna Muyaka mtupu.

Wageni wa leo wana mwalimu mwingine. Tangu Them Mushrooms, bendi ya hapa hapa Pwani, warekodi "Jambo Bwana" mwaka 1982, mgeni hushuka uwanja wa ndege na Kiswahili chake tayari. Hufika mtaani kwetu, akamkuta mzee barazani ambaye mfereji wake haujatoa maji juma zima, akamwamkia kwa furaha na papo hapo akamhakikishia kwamba hakuna shida yoyote. Mzee humtazama mpaka akapinda kona.

Mpwa wangu yeye ameingia Kikorea, kwa tamthilia za simuni, shuka kichwani hadi usiku wa manane. Lugha ile ina heshima nyingi kwa wakubwa, kwa hiyo asubuhi moja alimwinamia nyanyake kiuno kizima. Nyanyake akaenda kumletea mafuta ya kuchulia mgongo.

Nami nikaona nisibaki nyuma. Programu ya simu niliijaribu. Ilinitaka nimwambie mtu kwamba paka anakunywa maziwa, na ikawa yanikumbusha wajibu wangu kila adhana ya Magharibi. Nikaiondoa nikaenda Ngomeni, langoni, kwa kijana mmoja mtembeza wageni anayesema Kitaliano kama maji. Naye hakukisoma popote, amekiokota kwa wageni wenyewe. Ukitaka ushahidi, mwambie ahesabu. Hapandi, hushuka: venti, quindici, dieci. Akifika cinque hukunja uso, na chini ya hapo anasema hakuna nambari.

Alinifundisha kipande kimoja kizima, tuseme ukurasa, ambacho huwasomea wageni: kwamba Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, kwamba aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano, kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 wakaitwaa 1698, na kwamba tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO. Mwisho bei, kwa kushuka. Nilikihifadhi kama mtoto wa chuo ahifadhivyo sura, maana yake nikiijua kwa mbali.

Nafasi ikaja pale Ndia Kuu. Mume na mke, watu wazima, ramani imegeuzwa chini juu, wananong'onezana kwa Kitaliano. Bibi akaniuliza kitu. Kwamba ni swali nililijua kwa sauti yake kupanda. Nikakohoa, nikaanza na 1593.

Walisimama kwa adabu. Nilipofika kwa Cairati, bibi akakatiza na swali jingine, na hapo nikagundua kwamba kipande kile hakina mlango wa katikati. Ilibidi nirudi mwanzo. Akakatiza tena nilipowafikisha Waomani baharini; nikarudi 1593. Wauza vinyago wakaacha kazi yao wakaja kusikiliza. Bwana alikuwa ameanza kutazama saa, kisha akatazama mkononi mwangu kama nina kofia ya kuchangishia. Nilipomaliza hatimaye, pamoja na nambari za kushuka, akanitia noti ya euro kumi kiganjani, akamshika mkewe, wakaondoka haraka kuelekea nilikowaona wakitokea.

Nilipogeuka, mwalimu wangu alikuwa ameegemea ukuta, habari zimeshamfikia.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Sasa leta tano. Maneno yale ni yangu."

Nikamjibu, kwa Kitaliano chake mwenyewe, kwamba chini ya cinque hakuna nambari. Akasema hataki ya chini, yuwaitaka hiyo hiyo. Nikampa. Kijerumani anacho pia, ila hicho hulipwa kwanza.