Picha Zipo, Zipo Kwenye Simu

Pale Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini, fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, limetulia ndani ya kioo. Lilipelekwa Ujerumani baada ya kifo chake mwaka 1898, likakaa huko hadi 1954, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolirudisha kutoka makumbusho ya Bremen. Zaidi ya nusu karne ughaibuni, na bado likapatikana.

Mgeni wa leo hupiga selfi 40 juu ya jiwe la Gangilonga jua likizama. Muulize Jumatatu picha ziko wapi. “Zipo kwenye simu.” Na simu? Imezama kwenye beseni la nguo.

Wajanja huzitupia kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, ambako hubanwa hadi ukizikuza, meno ya bibi harusi yanageuka vigae. Wengine wamejiegemeza kwa Google, bila habari kwamba hifadhi ya bure isiyo na kikomo ilifungwa tarehe 1 Juni 2021. Siku hizi ni GB 15, na barua pepe zinakula sahani hiyohiyo.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, nakala moja ikae mbali na nyumbani. Kwa mtu wa Iringa si kazi: simu, diski ya nje, na flashi kwa shangazi Mafinga.

Ila shangazi naye ana wajukuu. Flashi ilirudi Pasaka; harusi nzima imefutwa kupisha sizoni ya Kikorea.