Sifa za Bwana Tope

Wafalme walikuwa na malenga wao, wanasiasa wana wapambe wao, na hata punda wa Lamu wana zahanati yao. Bwana Tope hana mtu. Namzungumzia yule tope mweusi akaaye ndani ya mabomba ya boila katika nyumba za Uingereza, azungukaye na maji ya moto yapashayo vyumba, kutoka rejeta hadi rejeta msimu mzima wa baridi, bila mshahara wala likizo. Mafundi humlaani, wenye nyumba humkana, wapangaji wengi hawajui kama yupo. Mimi nimeishi naye miaka mingi, na leo nataka nimpe haki yake. Atakayesema namvika kilemba cha ukoka, na asubiri nimalize.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada. Baba yake ni chuma cha rejeta, mama yake ni maji, na mshenga ni oksijeni. Maji mapya ya bomba huja na hewa iliyoyeyuka ndani yake, na hewa hiyo haichelewi kuanza kula chuma. Oksijeni ikishapungua mle ndani, kutu haiwi tena ile nyekundu tuliyoizoea kwenye mabati ya pwani. Huwa magnetaiti, unga laini mweusi kama wanja, mzito, unaovutwa na sumaku. Katika ndoa hiyo huzaliwa pia haidrojeni, ambayo hupanda na kujikusanya juu ya rejeta. Wewe unapiga magoti na kaufunguo kako kutoa upepo, ukidhani ni hewa tu iliyonaswa, kumbe huenda ni gesi inayoshika moto. Sigara iache nje.

Mtoto wa ukoo huu hakai bure. Kwanza, anagawa joto kwa namna yake. Ukigusa rejeta ukakuta juu kunaunguza na chini kumepoa, ujue Bwana Tope amejilaza chini na maji yanampita kwa adabu. (Ikiwa ni kinyume, juu baridi na chini moto, huyo si yeye, ni upepo.) Kisha anaitembelea pampu. Pampu za siku hizi zina sumaku ndani, nasi tumeshasema anavyopenda sumaku. Anaikumbatia mpaka inashindwa kuzunguka. Mwisho anaingia pale anapopapenda zaidi. Boila la kombi, ambalo ndilo lililojaa majumbani huko, halina tangi la maji ya moto. Hupasha maji ya kuoga papo hapo, kwa kuyapitisha kwenye visahani vya chuma vilivyobanana, vyenye vijia vyembamba. Bwana Tope akishakaa kwenye vijia hivyo, maji ya bafuni huja ya moto, yakawa baridi, yakarudi ya moto, yakabaki baridi ukiwa umeshajipaka sabuni.

Na hapo ndipo ninapomsifu kwa moyo wangu wote, kwa sababu ndiye aliyerudisha ndoo na kopo nyumbani kwetu. Watoto waliozaliwa huko, wasiojua kuoga bila kusimama chini ya maji yanayomwagika kama mali ya urithi, wamejifunza kuchanganya maji ya birika na ya mfereji na kuyapima kwa kiwiko. Nilipomlalamikia shangazi yangu wa Mombasa kwenye simu kwamba wiki nzima hatuna maji ya moto, alicheka mpaka akakohoa. "Si mchemshe, mwanangu? Kwani huko hakuna sufuria?" Sufuria ziko, shangazi. Tulikuwa tumesahau kazi yake.

Bwana Tope ana mshindani mmoja, barafu. Tangu 2005 sheria za ujenzi za Uingereza zinataka karibu kila boila jipya la gesi liwe la aina inayovuna joto la moshi wake, na moshi ukipoa hutoa maji, ambayo hutolewa kwa kibomba cha plastiki. Kikipita nje, usiku wa baridi kali maji huganda humo, boila likagugumia na kuzima. Lakini barafu ni mgeni wa siku chache, huondoka kwa birika la maji ya moto yasiyochemka yakimiminwa taratibu juu ya kibomba. Bwana Tope ni mwenyeji.

Ajabu yake kubwa ni kwamba analelewa na hao hao wanaomlalamikia. Angalia geji ya boila. Likiwa baridi, mshale unatakiwa usimame kati ya bar 1 na 1.5. Maji yakipashwa hutanuka, na ili yapate pa kutanukia pamewekwa tungi dogo la chuma lililogawanywa katikati kwa utando wa mpira, huku maji, huku upepo. Miaka ikipita upepo hupungua. Maji hayana tena pa kwenda, presha inapanda hadi bar 3, valvu ya usalama inafunguka na kuyatema nje ya ukuta. Boila likipoa, mshale uko sifuri na nyumba iko kimya. Basi baba mwenye nyumba anashuka na kanzu ya kulalia, anafungua koki, anajaza, mshale unapanda, anajiona fundi. Kesho tena. Na kila ajazapo anaingiza maji mapya, yenye oksijeni mpya, yaani kifungua kinywa cha Bwana Tope. Watu wanajaza hivyo mwaka mzima huku wakilaani boila, na ugonjwa wote ni upepo wa kwenye tungi, ambalo lina valvu kama ya tairi la gari. Fundi akiibonyeza yakatoka maji, utando umepasuka. Ukitoka upepo kidogo, au usitoke kabisa, anashusha presha ya maji kwanza, kisha anajaza upepo kwa pampu.

Mafundi wengine nao ni walezi wema. Mmoja aliyekuja kwetu alibadilisha pampu, akachukua hela yake, akayaacha maji meusi yale yale yaizungushe pampu mpya. Haikumaliza msimu.

Usidhani cheti cha gesi cha kila mwaka kinamtisha Bwana Tope. Sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha alete fundi aliyesajiliwa na Gas Safe akague usalama wa gesi, na hapo sina mzaha, maana monoksidi ya kaboni huua watu usingizini. Lakini ukaguzi huo unahusu moto na moshi. Hauulizi maji ya rejeta yana rangi gani, na Bwana Tope husalia salama chini ya cheti kilichopigwa muhuri.

Maadui zake wa kweli ni wachache. Kuna dawa ya kuzuia kutu inayotiwa kwenye maji, na kuna chujio la sumaku linalofungwa kwenye bomba la kurudisha maji kwenye boila. Kiwango cha Uingereza cha BS 7593, kwa toleo la 2019, kinataka vyote viwili, na maji yapimwe kila mwaka kama dawa bado ina nguvu. Niliona chujio la jirani likifunguliwa. Sumaku ilitoka imeota manyoya meusi, fundi akaifuta kwa karatasi ya jikoni, na sinki likabaki na alama ambazo mke wa jirani hajazisamehe.

Kwa hiyo wewe umpendaye Bwana Tope, mlishe kila asubuhi kwa koki. Usiulize maji ya jana yamekwenda wapi, wala usichungulie lile bomba la shaba linalotokeza nje likidondokea maua ya jirani. Na akija fundi akatia mkono kwenye mkoba kutoa sumaku, mkaribishe sebuleni. Mpe chai ya tangawizi na kaimati, muulize habari za Arsenal. Analipwa kwa saa, hatakuwa na haraka.