Mhadhara Mkuu Kuhusu Amri Iliyopo Isiyoonekana

Itifaki imezingatiwa, hasa kile kipengele chake kinachonihusu mimi. Mbele yenu amesimama Mtaalamu Mkuu wa Njia za Amri na Bingwa wa Folda Zilizojificha, vyeo nilivyojitunuku baada ya kukosekana mpinzani, navyo navibeba kwa unyenyekevu unaowashinda wote mliomo ukumbini. Mada yetu ni ule ugonjwa wa kompyuta za mezani: mtu kasakinisha Python, kafungua lile dirisha jeusi la amri, kaandika jina la programu hiyo kwa herufi zote sahihi, na mashine inamjibu kwamba hiyo haitambuliki kuwa amri ya ndani wala ya nje. Fundi wa kawaida huifuta programu na kuisakinisha tena, mara mbili, mara tatu, sawa na mgonjwa wa malaria anayejitibu kwa kubadili shati. Mimi, ambaye si wa kawaida, natamka hivi: programu ipo, na mashine ni nzima. Msikilizaji ndiye aliyesikia jibu vibaya.

Mtume mtoto akatafute chumvi katika kabati tatu ulizomtajia. Chumvi iko juu ya meza. Atarudi na kusema, “Hakuna,” naye hajasema uongo wowote, kwa sababu mezani hukumtuma. Kompyuta ni mtoto wa aina hiyo, mtiifu hadi inakera. Ina orodha ya folda iitwayo PATH, yaani njia, na ukiitajia amri kwa jina tupu, kwa kawaida inapekua folda hizo tu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ulioandikwa. Iliyotangulia kupatikana ndiyo inayoendeshwa, na upekuzi unaishia hapo. Orodha hii si uchawi wa jana. Ilikuja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, katika sheli, yaani programu inayopokea amri, aliyoiandika Stephen Bourne pale Bell Labs, na MS-DOS 2.0 ikawa nayo mwaka 1983. Katika Unix na ndugu zake folda hutenganishwa kwa nukta mbili; Windows hutumia nukta mkato, maana kwake nukta mbili zilikwisha kuolewa na herufi ya diski, C. Wangapi wameazima mstari wa Linux wakaubandika kwenye Windows bila kujua habari za ndoa hiyo? Nawasamehe.

Ushahidi wangu wa kwanza ni kisakinishi cha Python kilichozoeleka kwa miaka mingi katika Windows. Chini kabisa ya ukurasa wake wa kwanza kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama folda ya programu iongezwe kwenye PATH, nacho huja kikiwa hakina alama. Binadamu hubofya kitufe kikubwa. Basi ukisakinisha mara tatu bila kukigusa, unapata usahaulifu uleule mara tatu. Na tazameni kituko kingine: katika Windows 10, tangu mwaka 2019, mtu huyo akiandika python anaweza kufunguliwa duka la Microsoft. Watu hudhani mashine imechanganyikiwa, kumbe imeonyesha utiifu wa hali ya juu! Imekuta katika mojawapo ya folda zake kijifaili kinachobeba jina hilo, kazi yake kumpeleka mtu dukani, ikakiendesha. Ushahidi wa pili ni Unix yenyewe, ambayo hutenga hali mbili kwa namba. Amri isipopatikana, sheli hurudisha 127. Ikipatikana lakini haiwezi kuendeshwa, hurudisha 126. Mashine inajua tofauti ya kutomwona mtu na kumwona akiwa hana ruhusa ya kazi. Anayezichanganya ni fundi.

Kwa hiyo tiba haianzi kwa kufuta kitu. Inaanza kwa kuuliza: umetafuta wapi, na umepata nini? Katika dirisha la kale la Windows andika where na jina la programu. Katika PowerShell, dirisha lake jipya zaidi la amri, andika where.exe kwa ukamilifu wake, kwani huko where peke yake ni jina la amri nyingine kabisa, mtego ninaouheshimu. Katika Linux na Mac, type -a itakutajia zote zenye jina hilo kwa zamu zao. Hapo mara nyingi utamkuta babu: toleo la zamani limekaa folda ya mbele, na jipya, ulilolihangaikia usiku kucha, limepangwa nyuma yake. Bash, mojawapo ya sheli za huko, nayo ina tabia ya kukumbuka ilikoikuta amri mara ya kwanza. Programu ikihama, Bash hubisha hodi kwenye nyumba ya zamani mpaka uisahaulishe kwa hash -r.

Naona mkono umeinuliwa, nami nilishaujibu kabla haujainuka. Kwa nini mashine isipekue diski nzima? Kwa sababu ingechosha, na kwa sababu ya wezi. Mhuni akitupia katika folda ya vipakuliwa faili liitwalo ls, jina la amri ya kuorodhesha faili, ungetaka liendeshwe kwa vile tu limekutwa njiani? Ndiyo maana watu wa Unix hawaweki folda uliyomo kwenye orodha, ingawa alama mbili za nukta mbili zikifuatana bila kitu katikati huirudisha kimyakimya. Dirisha la kale la Windows huangalia folda uliyomo kwanza. PowerShell ilikataa urithi huo. Mwingine atasema: basi nijaze orodha folda zote ninazozijua. Jaza, bwana. Ukitumia amri ya setx ya Windows, kinachozidi herufi 1024 kitakatwa, na mkia wa orodha yako utakwenda na maji. Au andika PATH mpya katika Linux ukisahau kuambatisha $PATH ya zamani, uone hata ls inavyokuwa ngeni kwako. Usilie, ita /bin/ls kwa anwani yake kamili, itaitika, kwani haikuhama.

Linabaki pingamizi moja, ambalo nalichukia kwa sababu lina nguvu: kwamba kuzima na kuwasha huponya bila mtaalamu. Huponya, nakiri, na ukweli huu umewapunguzia kipato watu wa hadhi yangu. Lakini kinachoponya si umeme. Kila programu inapozaliwa hupewa nakala ya PATH kutoka kwa iliyoizaa, na nakala hiyo haibadiliki ukirekebisha orodha kuu baadaye. Dirisha ulilolifungua asubuhi bado linasoma wosia wa asubuhi. Kwa kawaida kulifunga hilo dirisha na kufungua jingine kunatosha. Kuzima mtambo mzima ni kubomoa nyumba ili kubadili balbu. Na aliyezima bila kurekebisha orodha ataamka na wosia uleule.

Muda umekwisha. Msimamizi alete bahasha ya mhadhiri. Na akija kuniambia kwamba haipo, aje na orodha ya mahali alikotafuta, kwa mpangilio.