Nalala juu ya mazutu

Yaya, na ninyi wote wa hapo Lubero,

Fundi alikuja juzi. Alizunguka nyumba nzima, akagonga mabomba kwa kidole, akatega sikio, kisha akanitangazia kwamba nyumba yetu ina upepo tumboni. Sikucheka, maana yeye hakucheka. Akaniachia ufunguo mdogo wa shaba: huo upepo niutoe mwenyewe, hiyo ni kazi ya mpangaji.

Mnajua maneno niliyoacha nyumbani. Siku ya kuniaga baba mdogo aliuliza kama nitaiweza baridi ya Ulaya, nikamjibu swali hilo waulizwe watu wa Beni, wanaotetemeka wakifika Butembo tu. Mimi ni mtoto wa Lubero, nimechunga mbuzi kwenye ukungu bila viatu. Maneno hayo nayakumbuka kila asubuhi nikivaa sweta la tatu. Baridi yetu ni mgeni mwenye adabu: huingia usiku, na jua likitoka saa kumi na mbili inaaga. Ya hapa Liège inahamia na vitanda vyake. Jua lenyewe, ikifika Desemba, linachomoza saa mbili na nusu, na saa kumi na nusu limeshafunga duka.

Kwa hiyo watu wa huku hujiandaa mapema. Chini ya nyumba kuna chumba cha kuchimbwa, wanakiita kave. Ndani ya kave kuna tangi, na ndani ya tangi, yaya, kuna mazutu. Mazutu yaleyale yanayopandisha malori ya Kasindi! Nalala juu ya lita elfu moja, mimi ambaye mama alikuwa akinifukuza na bidoni ya lita tano isisogee karibu na mbabula. Tangi hilo lingekuwa Butembo, shemeji angeshatoboa ukuta na kutoa mpira wa kuuzia barabarani. Wazo hilo lilinipitia, sikatai. Lakini wenyewe walishatuona kwa mbali: mazutu ya nyumba yametiwa rangi nyekundu kwa sababu kodi yake ni ndogo kuliko ya mazutu ya magari, na watu wa forodha wakikuta wekundu huo ndani ya gari lako, faini utailipa mpaka uufahamu Ubelgiji vizuri.

Bei ya juu kabisa hupangwa na serikali, na anayechukua lita 2,000 kwenda mbele hupata nafuu kidogo. Basi majirani hujiunga wakaagiza pamoja, lori likapita nyumba kwa nyumba. Wanaona wamevumbua jambo kubwa. Mimi nilikaa nao mkutanoni, Wanande wa Liège hawa, wachangaji kama sisi, nikatafuta kasoro sikuiona, ila tu kwamba baada ya hesabu hakuna aliyeleta pombe ya kasiksi.

Mazutu huchomwa ndani ya shodieri, sanduku la chuma linalopasha maji moto. Pampu inasukuma maji hayo ndani ya mabomba, yanazunguka vyumbani kwenye radiata zilizotundikwa ukutani, yanarudi yamepoa, yanapashwa tena. Maji yaleyale! Hayapiki sombe, hayaogeshi mtoto, yanatembea tu. Na kila mwaka, kwa sheria ya Wallonie, shodieri ya mazutu lazima ikaguliwe na fundi mwenye kibali, apime moshi wake, auandikie cheti. Moshi una cheti, yaya, na wewe hujapata kitambulisho.

Sasa huo upepo. Hewa hujikusanya juu ya radiata na maji ya moto hayapati njia: chini panachoma, juu pamekufa. Dawa yake, unazima shodieri, unaanza na vyumba vya chini, unachomeka ufunguo pembeni mwa radiata na kuuzungusha kidogo sana, bakuli mkononi. Radiata ilipiga mluzi. Ikapiga mluzi mrefu zaidi, ikakohoa, kisha ikatema maji meusi yaliyoruka bakuli na kupanda ndani ya mkono wa sweta. Mama wa watoto alikuwa mlangoni. Alikwenda, akarudi na kitambaa, hakusema neno. Watoto walipiga makofi, wakataka twende kwenye ya pili. Halafu, upepo ukiisha, presha nayo inashuka, unateremka kave kuongeza maji mpaka mshale usome baa moja na nusu. Na maji mapya nayo yanaingia na hewa yake. Nilimpigia fundi simu kumuuliza kama kazi hii ina mwisho. Akasema ndiyo, mwezi wa tano.

Kila radiata ina kichwa chenye namba mpaka 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Wakongo wote wanaotutembelea huenda moja kwa moja kwenye 5, chumba kipate moto upesi. Hakipati. Namba hiyo ni kikomo, si mwendo. Nawafundisha hayo kwa sauti ya kizungu kabisa, na wakiondoka nakuta mama wa watoto ameweka 5 chumbani kwetu.

Na asubuhi, kwa ushauri wa wataalamu, fungua madirisha dakika kumi, unyevu utoke, kuta zisiote ukungu. Ninunue joto kwa lita, nilitunze usiku kucha, asubuhi niigawie barabara. Nafungua.

Ubaya wa radiata ni kwamba kila mtoto anayo ya kwake, hana sababu ya kutoka chumbani. Hapo nyumbani mbabula ilikuwa moja, tukaizunguka wote, mahindi juu ya makala, mgongo nao ukisubiri zamu. Basi ikifika jioni nazifunga za vyumbani, wote wanakuja sebuleni wakinung'unika. Nimewaambia ni kubana mazutu.

Wale wakimbizi uliowapokea wakati waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga, mwaka 2024, bado wako kwako? Nikiwakumbuka, waliolala kwenye madarasa katika ukungu ule wetu, naona haya kuigusa hata namba 3.

Kuhusu zile dola za mabati ya paa la hapo nyumbani: sikuzila. Ziko chini yangu, nyekundu, na kila usiku zinapungua. Mwambie fundi wa paa angoje mwezi wa tano. Wa huku naye ndiyo tarehe aliyonipa.

Mdogo wako