Barua kwa Ofisi Husika: Tuhamishieni Januari

Kwa Mheshimiwa,
Ofisi Husika,
Nairobi.

MINT: OMBI LA KUONDOLEWA KWA JANUARI

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 4 hapa Chepseon, kando ya barabara ya Kericho kwenda Mau Summit. Hamnijui, lakini mimi nawasikia kila siku. Nikiuliza kuhusu madawati, naambiwa nipeleke ombi kwa ofisi husika. Nikiuliza kuhusu vitabu, naambiwa ofisi husika inavishughulikia. Basi mwaka huu nimeona heri niwaandikie moja kwa moja, kabla chaki haijaisha.

Kwanza hongereni. Shule zimefunguliwa siku ileile mliyoitangaza, na kalenda ya mihula imepangwa vizuri mno. Kasoro yake ni ndogo tu: aliyeiandika hajawahi kuonana na mchai.

Huku kwetu mwaka una kilele kimoja, nacho ni Oktoba, bonasi ya majani inapoingia. Wiki hiyo kila mtu ni mheshimiwa. Deni la duka hulipwa, mabati hupanda juu ya nyumba, mjomba aliyesahaulika hukumbukwa. Novemba ni koito, yaani sherehe za posa za mabinti, Desemba ni vijana wa jando na Krismasi. Ikifika Januari, mfuko umebaki mshono. Na ndipo jua huwaka. Mnajua wenyewe, au labda hamjui, kwamba kati ya Januari na Machi mchai hudumaa. Aliyekuwa akifika kituoni na gunia limejaa anafika na nusu, na karani wa mizani anaandika tarakimu ambayo mwenye majani hataki kuiangalia mara mbili. Mwezi huo ndio mliouchagua kugonga kengele.

Siku ya kufungua, kogo mmoja, yaani nyanya, alimleta mjukuu wake pamoja na orodha ya mahitaji. Katika orodha nzima alikuwa ameweka alama kwenye kitu kimoja, ufagio, kwa sababu ameutengeneza mwenyewe. Akaweka kidole kwenye rimu ya karatasi.

“Mwalimu, karatasi mia tano. Huyu mtoto ataandika nini kirefu hivyo?”

Ilibidi nimweleze kwamba karatasi si za mtoto, ni zangu. Mtaala wa umilisi unataka ushahidi. Mtoto akipanda sukumawiki, sukumawiki haijaota mpaka iwe kwenye faili. Kogo alinitazama kwa huruma, akauliza kama ninalipwa kwa kila karatasi.

Sikusahau kumwambia kwamba elimu ya msingi ni bure. Imekuwa bure tangu 2003, nami hulitangaza hilo katika kila mkutano wa wazazi kwa sauti kubwa, macho yangu yakiwa juu kidogo ya vichwa vyao. Kwa kila mtoto wa shule ya msingi serikali imetenga shilingi 1,420 kwa mwaka. Si kwa mwezi, kwa mwaka. Mgawo ni asilimia 50, 30 na 20, kwa hiyo muhula wa kwanza una shilingi 710, zikija zote na zikija mapema. Toa chaki, toa umeme, toa mlinzi. Kinachobaki tunakiita maendeleo.

Sasa ombi langu. Naomba mwaka wa masomo uanze Oktoba, Jumatatu baada ya bonasi. Mzazi atoke benki aje shuleni kabla hajafika kwa muuza mabati. Orodha ya mahitaji ingewekewa alama juu mpaka chini, na mimi ningeonekana mwalimu hodari.

Msiniambie haiwezekani. Mwaka wa masomo wa 2021 ulifunguliwa Julai. Wa 2022 ulifunguliwa Aprili. Wa 2023 ndio ukarudi Januari. Kirusi kimoja, tena mgeni asiye na kitambulisho wala kura, kiliihamisha Januari mara mbili. Wakulima wa Kericho na Bomet wote, ambao majani yao yanaingizia nchi fedha za kigeni, hawawezi kuihamisha hata mara moja?

Mtasema Oktoba na Novemba ni msimu wa mitihani ya kitaifa. Ileteni Julai. Kwa baridi ya huku, hakuna mtahiniwa atakayesinzia.

Mkiona ni vigumu kuihamisha shule, ihamisheni bonasi ije Januari. Nililidokeza hili kwa karani wa mizani, akanishauri nilipeleke kwa ofisi husika. Nilifurahi, nikadhani ni nyinyi. Kumbe mko wengi.

Kuna pia suala la mashine. Mei 2023 mashine za kuchumia majani zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho, kwa kuwa zilikula kazi za watu. Sikushangilia, ila sikushangaa pia: mchumaji akirudishwa nyumbani, mtoto wake hurudi nyumbani muda mfupi baadaye, na mimi hubaki na jina kwenye rejista. Lakini mkiwa na mashine yoyote isiyo na kazi huko, hata ya kunolea penseli, nileteeni. Nitailinda usiku kwa rungu.

Wenzangu wa Sekondari Msingi, ambao tumekaa nao ua mmoja tangu Januari 2023, wanawasalimu. Mwalimu wao wa Kiswahili amepewa masomo ya awali ya ufundi. Anajifunza usiku na kufundisha asubuhi, na kufikia sasa yuko mbele ya wanafunzi kwa kurasa mbili.

Nasubiri jibu. Taratibu zenu zinataka barua iambatane na nakala tatu. Nimeambatisha mbili, ya tatu itafuata kogo akileta rimu.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Gredi ya 4,
Chepseon.

Nakala: Ofisi nyingine husika.