Jinsi ya Kusinzia Kandokando ya Ziwa Victoria

Kwanza tafuta mwalimu. Nenda Igombe, au vuka hadi Ukerewe, ufike mwaloni saa nne asubuhi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamekwisha pandisha mitumbwi. Usiku kucha walikuwa majini na taa zao, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mtazame yule aliyejilaza kivulini: kofia usoni, kidole gumba cha mguu kimenasa kwenye kamba ya mtumbwi. Ulizia bei ya ndoo, atakutajia bila kufumbua macho. Usingizi wa mang'amung'amu uliokomaa ndio huo, na atakayemwita mvivu namkatalia. Mwezi ndio unaompangia kazi. Siku za giza anavua. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa zake hazivuti dagaa, naye analala usiku kama sisi.

Muda usizidi dakika 20 na ushei. Ukipitiliza unazama kwenye usingizi mzito, uamke kichwa kizito. NASA walipowapumzisha marubani wa safari ndefu, walilala wastani wa dakika 26, wakaamka wakiwa makini zaidi. Mama anayeanika dagaa hatazami saa, anakwenda kwa pua. Ameegemea chanja, kope zimeshuka; upepo ukileta harufu ya mvua yuko wima, anaanua kabla tone halijadondoka. Akichelewa, dagaa wake wanauzwa kama chakula cha kuku.

Kwenye daladala, mkabidhi jirani kituo chako mapema: "Dada, nikipitiwa niamshe Buhongwa." Hatakutupa.

Foleni ya kivuko cha Kigongo hadi Busisi, iliyotupa malepe marefu garini, usiililie. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando hangoji tena kivuko. Hilo linashinda usingizi wa mtu yeyote. Anayetaka kubembelezwa na mawimbi apande meli ya Ukerewe.

Ila aliyeshika usukani hana lepe, awe wa basi, boti au bodaboda. Wa bodaboda aliyelala juu ya pikipiki iliyoegeshwa, mwamshe kwa upole, mpe nafasi anawe uso ndipo upande. Na dereva wa basi akiomba kusimama Usagara apumzike robo saa, abiria tusimpigie kelele. Tushuke, tununue mahindi ya kuchoma, tumngoje.