Mwanachama Hai

Mtu wa Mwanza atalipa kiingilio cha kila kitu isipokuwa kitu cha kusoma. Ana kadi ya chama cha siasa, ana kadi ya Simba au ya Yanga, ana VICOBA viwili, ana kikundi cha kuzikana cha mtaani na kingine cha watu wa kijijini kwao. Pamba Jiji waliporudi Ligi Kuu mwaka 2024 alikuwa tayari kuchangia hata nyasi za uwanja. Sasa mwambie atoe shilingi 3,000 kwa mwezi asome bei ya dagaa kwenye tovuti. Atakuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Wazo ni la mpwa wangu, mtu wa kompyuta. "Mjomba," akasema, "New York Times walianza kulipisha wasomaji wa mtandaoni mwaka 2011, leo wanaolipia wamepita milioni 10. Hata Nation ya Nairobi walijaribu Februari 2021." Ya Nairobi yaliishia wapi hakusema, nami sikuuliza. Sisi tulikuwa na kitu kinachouzika kuliko habari. Pale Mwaloni, Kirumba, dagaa wanapakiwa kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Anayejua alfajiri gunia limeamkia shilingi ngapi, na Ukara wamevua nini usiku, ameshapata faida wenzake wakiwa bado wanapiga mswaki. Basi vijana wakakaa mialoni na simu, mpwa akajenga tovuti, tukaweka lipa namba.

Karatasi zilitangulia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuwa zimeshatutia hofu: 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Baadaye masharti yakalegezwa, na mpwa akaniambia nisihofu kwa kuwa bei ya samaki si siasa. Huyo hajawahi kusimama Mwaloni siku sangara ameshuka bei. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: ukikusanya majina na namba za watu, ujisajili kwenye Tume. Daftari langu lina "Mama Dagaa", "Mama Dagaa 2" na "Yule wa Nansio".

Lakini karatasi ni nafuu. Kazi ni kudai. Wateja wangu hawana habari na kadi za benki. Benki yao ni simu, na simu haikati ada mpaka mwenyewe aweke namba ya siri. Kwa hiyo kila mwezi nawakumbusha, na nchi hii hakuna tena namna ya kumkumbusha mtu pesa usifanane na tapeli. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wametuharibia wote. Naandika kwa adabu zote kwamba ada imeisha, tafadhali lipia kwenye namba hii, na mama mmoja wa Igogo, mwanachama wangu wa tangu mwanzo, ananijibu: "Mwanangu, tafuta kazi." Anayekubali kulipa analipia kwa simu ya shemeji yake, halafu ananipigia saa tano usiku kulalamika kwamba jina lake halimo.

Halafu kuna mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda mitumbwi inapumzika, na wanachama wangu wamegundua kwamba mwezi wa kalenda na mwezi wa mbinguni haidaiwi sawa. "Kaka, wiki hii hakukuwa na giza. Nipunguzie." New York Times, pamoja na milioni 10 zao, sidhani kama wameshawahi kudaiwa marejesho kwa sababu ya mbalamwezi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikazimia nchi nzima, nilieleza kwa upole. Mtu wa Sengerema akanijibu: "Wewe uko ziwani, ya bahari yanakuhusu nini?"

Wa picha ndio wanaonimaliza. Mmoja analipa, anaipiga picha skrini, anairusha kwenye makundi ya WhatsApp, na bei inafika Bukoba mimi bado natafuta miwani. Juzi nimeletewa picha ya tovuti yangu mwenyewe, na aliyenitumia ananiuzia kwa 1,000. Nilijaribu kuomba punguzo. Akakataa, akasema gharama za uendeshaji zimepanda.

Waliobaki, wale wachache wanaolipa kwa wakati, ningewapenda kama wasingekuwa wanakutana. Mmoja alifiwa, akapiga simu kuuliza rambirambi ya chama ni kiasi gani. Nikamweleza kwamba ada ni ya kusoma bei. Akanyamaza kidogo, akauliza tena: ya mzazi ni sawa na ya mkwe? Desemba wakaulizia gawio. Januari nikaletewa taarifa ya kikao, imesainiwa na mwenyekiti. Sikujua kwamba tuna mwenyekiti.

Kikao ni Jumamosi hii. Katiba imeshachapwa, ina faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita kikaoni, na sare ni kitenge cha bluu. Mpwa wangu amepita bila kupingwa kuwa mweka hazina, na neno la siri la tovuti ameshalikabidhi kwa kamati. Mimi nimetajwa ukurasa wa mwisho, kwenye soda na viti. Nilimpigia mwenyekiti kuuliza kama nitaruhusiwa kuchangia hoja. Amesema hakuna tatizo, nitangulize tu kiingilio na ada ya miezi mitatu, niwe mwanachama hai.